Mchumaji Arudi Monaco

Kila asubuhi, kabla gari la mkate halijapiga honi, Huguette Raybaud hutoka na viatu vyake vya nyumbani, huvuka njia, na kwenda kwenye uwanja wa matufe ulio nyuma ya kanisa. Hurusha kwanza kinguruwe, kile kijitufe cha mbao ambacho wachezaji wote hukilenga, kisha hurusha matufe yake ya chuma. Halafu huyaacha palepale yalipolala. Huenda kununua mkate, huuliza habari za goti la huyu na talaka ya yule, hurudi nyumbani kuweka kahawa jikoni. Kahawa ikishachemka ndipo hurudi uwanjani kuyaokota. Hakuna anayeyagusa. Hata mbwa wa padri huyazunguka.

Zamani hakuwa hivyo. Alianza mwaka jana, wiki ileile tuliyorudi kutoka Monaco.

Nasema tuliyorudi kwa sababu nami nilikuwepo. Huguette ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na tangu nikiwa mdogo namwita shangazi ingawa hatuna undugu. Nikirudi Gorbio, kijiji chetu cha mlimani, kutoka chuoni hunipa kazi ya kubeba kapu la chakula siku za mashindano. Anasema mtu anayesoma sana anafaa kubeba kapu, maana hatakula vilivyomo njiani. Atakuwa anawaza mambo mengine.

Kwa miaka mingi alikuwa mpeleka barua wetu. Alipanda ngazi za kijiji hiki mvua na jua, na ndiyo maana mapaja yake bado ni magumu kama ya mpanda baiskeli. Alianza kucheza matufe kwa bahati. Jioni moja ya baridi wanaume walikuwa wawili na walihitaji wa tatu, naye alikuwa anapita na mkoba wa barua. Alilipiga tufe la mwenye uwanja likaruka mpaka kwenye mtaro. Wakamwambia arudi kesho. Mume wake alipofariki, na mwanawe alipohamia Lyon, uwanja ule ndio uliobaki wa kumtoa nyumbani. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Husema anapenda hewa.

Sasa, katika mchezo wetu kuna jambo moja ambalo mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: huokoti tufe lako mpaka pande zote mbili zikubaliane nani kapata. Ukiliokota kabla, limekufa. Halihesabiwi, hata kama lilikuwa limembusu kinguruwe.

Mwaka jana, katika fainali ya mashindano ambayo klabu moja ya Monaco huyaandaa kila Oktoba, tulikuwa tunahitaji pointi moja tu. Tufe la Huguette lilikuwa limelala kando ya kinguruwe. Matufe yote yalikuwa yamekwisha kurushwa. Kilichobaki ni upande wa pili kusema ndiyo. Na Huguette akainama, akaokota.

Nahodha wao, Bwana Sangiorgio, mzee aliyefanya kazi ya kuchezesha karata kwenye kasino mpaka alipostaafu, alikohoa kidogo na kusema kwa adabu kubwa, “Samahani, mama. Bado hatujakubaliana.”

Mwamuzi hakuwa na la kufanya. Matufe yaliyobaki karibu yalikuwa yao. Kombe likabaki Monaco.

Tangu siku hiyo kijiji kizima kikamwita Mchumaji. Wakati wa kuvuna zeituni watu walimpigia kelele kutoka bonde la pili, “Huguette, ngoja kwanza, hizo bado hazijakubaliana.” Muuza mkate alimwambia, “Huu umekubaliwa, mama, chukua.” Na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza kilichotokea. Muuza mkate alisema ni haraka ya kuwahi treni. Mama yangu alisema ni jua. Firmin Gastaud, mwenyekiti wa klabu yetu na nahodha wa timu, dereva wa basi mstaafu mwenye tumbo la kutosha watu wawili, alisema ni umri.

Firmin ndiye aliyekuwa mbaya zaidi, kwa sababu kama nahodha, kombe lile angelipokea yeye. Mwezi wa tisa, pale mkahawani, mbele ya kila mtu, alisema:

“Nitakupeleka Monaco, Huguette, kwa sababu hakuna anayepiga kama wewe. Lakini ukichuma tena, nafasi yako nampa mpwa wangu. Utakuja kutazama, na kapu.”

“Kapu lina mtu tayari,” Huguette alisema.

“Sitanii, bibie.”

“Najua hutanii. Ungekuwa unatania ningecheka.”

Akamaliza kahawa yake na kwenda zake. Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama: siku moja ya Monaco, na baada yake ama uwanja, ama benchi.

Jumapili ya mashindano Firmin alitushusha mpaka stesheni ya Menton kwa gari lake, kwa kuwa kuegesha gari Monaco ni kwa watu wasio na shughuli nyingine. Tulikuwa wanne. Wa tatu wa timu alikuwa Noëlie Palmero, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, asiyesema mengi, ambaye hutafuna mizizi mitamu ya susu tangu alipoacha sigara. Noëlie na Firmin ni wa kusogeza, yaani hutua matufe yao karibu na kinguruwe. Huguette ni wa kupiga. Kazi yake ni kuondoa tufe la adui lililokaa vizuri.

Katika treni Firmin alihubiri. “Tukimaliza kila raundi, mikono mifukoni. Wote. Hasa baadhi yetu.”

“Mifuko ya suruali yako ina nafasi?” Noëlie aliuliza.

Huguette alikuwa anatazama bahari dirishani. Alikuwa amevaa sweta yake ya bluu na viatu vilivyong’arishwa, na matufe yake alikuwa ameyapakata.

Pale Monaco tulipanda na kushuka zile lifti zao ndani ya mwamba, tukatokea juani, na hapo kwenye kona polisi mmoja kijana mwenye glavu nyeupe akautazama mkoba wa Huguette. Ulikuwa unagongagonga.

“Naomba kuona, mama.”

Akaufungua. Polisi akatazama matufe, kisha akamtazama yeye.

“Mnatoka wapi?”

“Gorbio.”

“Babu yangu ni wa Sainte-Agnès,” polisi alisema, akitaja kijiji jirani na chetu, akashusha sauti. “Wapigeni.”

Firmin alifurahi mpaka akasahau kuhubiri.

Uwanja wao uko nyuma ya bandari, na changarawe yake imepepetwa kama unga. Ng’ambo yake zilisimama boti za watu ambao hatutawajua kamwe, nyeupe, moja kubwa kuliko kanisa letu, na juu yake kijakazi alikuwa anapangusa dirisha. Mara kwa mara alisimama kutazama mchezo wetu.

Mechi ya kwanza tulipewa vijana wa benki. Walikuja na mashati ya rangi moja yenye majina mgongoni, na mmoja alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, “Twende taratibu na hawa wazee, wasije wakaanguka.”

Noëlie alitoa mzizi wa susu mdomoni. “Umesikia, Huguette?”

“Nimesikia.”

Kila tufe walilolitua vizuri alilipiga. Sauti ya chuma kwa chuma ilikuwa inarudi kutoka kwenye mwamba kama mtu anayegonga mlango. Na kila raundi ilipokwisha aliweka mikono nyuma, akasubiri wale vijana wakubali, akasubiri tena, na hakuinama mpaka mwamuzi alipotaja idadi. Tulifika kumi na tatu, idadi ya kushinda, wao wakiwa hawana hata moja.

Anayefungwa hivyo kwetu ana adhabu yake. Kila uwanja una Fanny, yule mwanamke wa kuchorwa ubaoni, aliyegeuka na kuinua sketi, na aliyeshindwa bila pointi hupiga magoti na kumbusu pale alipoinua sketi. Fanny wa Monaco ana fremu ya dhahabu. Mwenye baa alimleta huku watu wanapiga meza, na Huguette akaombwa amshike, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi. Alimshika kwa heshima kama picha ya mtakatifu. Vijana wa benki wakapiga magoti mmoja mmoja.

“Taratibu, mwanangu,” alimwambia yule wa maneno. “Usije ukaanguka.”

Baa nzima ilicheka, na yule kijana naye akacheka, masikio mekundu. Baadaye alituletea glasi za pombe ya pastisi bila malipo.

Tulishinda ya pili kwa shida, na ya tatu kwa shida zaidi. Mchana tulikula chini ya ukuta: mkate wa vitunguu na samaki wa chumvi, na pai ya mboga ya majani aliyooka mama yangu. Huguette alikula kidogo. Firmin alikula sehemu yake na ya Huguette, akafuta mdomo, akasema, “Unajua ni nani tunakutana naye fainali.”

“Najua.”

“Atakutazama vile vidole vyako.”

“Na avitazame. Vimeoshwa.”

Bwana Sangiorgio alikuja na suti ya kitani, kofia ya majani mkononi. Alimpa Huguette mkono kwa kuinama kidogo.

“Mama, nimefurahi kwamba umerudi.”

“Nilisahau kitu mwaka jana,” Huguette alisema. “Nimekuja kukichukua.”

“Ila si mapema,” mtu mmoja akasema kutoka kwenye benchi, na watazamaji wakacheka. Kumbe jina la Mchumaji lilikuwa limeshuka mlima na kufika mpaka huku. Nilimtazama shangazi. Shingo yake ilibadilika rangi, lakini aliingia katika duara, akaweka miguu sawa, na mchezo ukaanza.

Sitaeleza kila raundi. Walikuwa wazuri. Bwana Sangiorgio hurusha tufe kama anayegawa karata, bila kuonekana ametumia nguvu, nalo huenda kulala pale alipoliambia. Waliongoza, tukawafikia, wakaongoza tena. Jua lilikuwa limehama kutoka uwanjani na kupanda kwenye madirisha ya majumba ya juu tulipofikia kumi na mbili kwa kumi na mbili. Yeyote atakayepata raundi inayofuata, basi.

Firmin alirusha vizuri sana. Lazima niseme hivyo, kwa sababu siku hiyo watu walimsahau. Tufe lake lilisimama kiganja kimoja tu kutoka kwa kinguruwe. Lakini Bwana Sangiorgio akatua lake katikati ya tufe la Firmin na kinguruwe, mahali ambapo ningeapa hapakuwa na nafasi. Noëlie alijaribu kulisukuma mara mbili, hakuweza. Wao waliongeza matufe pembeni, ya kuzuia. Kwetu likabaki tufe moja tu, la Huguette.

Ilikuwa lazima alipige la Sangiorgio bila kugusa la Firmin lililokuwa nyuma yake kidogo. Nafasi ya kukosea ilikuwa unene wa vidole viwili.

Alipangusa tufe kwa kitambaa. Akachuchumaa. Kwenye baa mtu aliweka glasi mezani na nikaisikia. Kisha mkono wake ukaenda nyuma na kurudi, na tufe likapita hewani juu kiasi kwamba nilidhani limepotea, likashuka, na chuma kikalia.

Tufe la Sangiorgio likaruka mpaka kwenye mbao za mwisho. La Huguette likalifuata. Na pale, peke yake kando ya kinguruwe, halijatikisika, lilibaki tufe la Firmin.

Watu walisimama. Firmin alirusha kofia juu, akambusu Noëlie shavu hili na lile, akawainamia watazamaji kama mwimbaji, akamwinamia hata yule kijakazi kwenye boti. Huguette alikuwa anatoka kwenye duara, anakuja upande wetu, na anakuja haraka. Sikuelewa kwa nini. Hakuwa anatazama watu wala kinguruwe. Alikuwa anamtazama Firmin.

Firmin alimaliza kuinama kwa ajili ya watu, akageuka, akainama kwa ajili ya tufe lake.

Huguette alimdaka kwa mikanda ya mabega inayoshikilia suruali. Kwa mikono miwili, kwa nyuma, kama anayemzuia punda. Firmin alining’inia pale, tumbo mbele, vidole vimefunguka juu ya chuma.

“Simama,” Huguette alisema.

“Tumeshinda, Huguette, niache.”

“Simama, Firmin.”

“Unanipasua suruali.”

“Itapasuka. Simama.”

Hapo Bwana Sangiorgio alikohoa kidogo, akatoa mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo. Ndani yake kulikuwa na tufe.

“Samahani, mheshimiwa,” alisema. “Nina moja bado.”

Sijawahi kumwona Firmin akibadilika rangi vile. Alijinyoosha polepole, akaweka mikono mifukoni, yote miwili, mpaka kwenye vifundo vya mikono. Noëlie alikuwa ameacha kutafuna. Kutoka kwenye benchi mtu alianza kucheka, kisha akanyamaza mwenyewe.

Bwana Sangiorgio aliingia katika duara. Alirusha kama kawaida yake. Tufe lilibingirika likipungua, likipungua, likapita yale ya kuzuia, likasimama upande wa pili wa kinguruwe. Kwa macho yangu yalikuwa sawasawa, lake na la Firmin.

Mwamuzi alipiga magoti na utepe. Alipima upande huu. Alipima upande ule. Alisafisha miwani, akapima tena. Huguette hakutazama utepe hata mara moja. Alisimama ubavuni mwa Firmin, ameshika mkanda wake mmoja kwa vidole viwili, kwa utaratibu, kama mtu aliyeshika mwavuli wa mwenzake.

“Gorbio,” mwamuzi alisema, na akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada jinsi pengo lilivyokuwa dogo. Karibu vidole viguse.

Kelele zilianza, lakini Huguette aliinua mkono.

“Bwana Sangiorgio. Umekubali?”

Mzee alikwenda mwenyewe, akainama, akatazama. Alivua kofia.

“Nimekubali, mama.”

“Na wenzako?”

“Nimekubali,” wa kwanza alisema.

“Na wewe, bwana? Sijakusikia.”

“Nimekubali, nimekubali,” wa pili alisema, anacheka. “Niape?”

“Haina haja.” Akauachia mkanda. “Firmin, okota.”

Hapo uwanja ulipasuka. Vijana wa benki ndio walioanza kuimba jina lake, Hu-guette, Hu-guette, wakigonga meza kwa glasi, na baa yote ikafuata, watu wa Monaco kwa watu wa mlimani. Mwenye boti sijui, lakini kijakazi wake alipiga makofi na kitambaa mkononi. Bwana Sangiorgio alimkabidhi kombe yeye mwenyewe. Ni kombe baya, lina masikio makubwa na tai aliyekaa vibaya, na Huguette alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama pande zote, akasema, “Litahitaji kung’arishwa.” Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani cha ngazini, ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima.

Tulipofika kwenye kona, yule polisi wa glavu nyeupe alikuwa bado zamuni. Aliliona kombe, akasimama wima na kupiga saluti. Watalii wawili wakampiga picha shangazi, wakidhani ni mtu maarufu.

Kwenye jukwaa la treni Firmin alijaribu kusema. Alivua kofia, akaivaa, akaivua.

“Huguette. Yale niliyosema mkahawani.”

“Ulisema mengi.”

“Kuhusu nafasi.”

“Eh.”

“Nafasi ni yako. Mpaka wewe mwenyewe useme umechoka.”

“Mpwa wako atalia.”

“Na alie. Anarusha kama anamwaga maji.”

Noëlie, ambaye kutwa nzima hakuwa amesema maneno ya kujaza kikombe, aliegemea nguzo na kusema, “Na kijijini tutawaambia nini juu ya mwenyekiti? Tunaye Mchumaji mpya.”

Firmin alitazama viatu vyake. Tumbo lake lote lilionekana kushuka.

“Hapana,” Huguette alisema. “Hilo jina nimelivaa mwaka mzima, limeshatoboka. Hapewi mtu.”

“Lakini ni hadithi nzuri,” Noëlie alisema.

“Hadithi ni kwamba Firmin alitua tufe kiganja kimoja kutoka kwa kinguruwe, mimi nikalinda. Ndiyo iliyotokea.”

Treni ilikuja. Firmin alimbebea mkoba, jambo ambalo sijawahi kuona, na alipoketi alimpisha dirishani. Kabla hatujafika kituo cha Roquebrune Firmin alikuwa amelala, mdomo wazi, amelikumbatia kombe. Noëlie alikuwa anasoma gazeti la mtu aliyeshuka. Huguette alivua viatu, akaweka miguu juu ya kapu langu tupu, na kumega kipande cha mwisho cha pai.

Nilikuwa na swali moja tangu mwaka jana. Nilikuwa nimelibeba chuoni na kurudi nalo, na sikuwahi kupata ujasiri, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

“Shangazi,” nilisema, “mwaka jana, ulijua kanuni. Uliinama kwa nini?”

Alitafuna, akameza, akapangusa makombo kwenye sweta.

“Nilifurahi, mwanangu,” alisema. “Nilifurahi tu, nikainama.”